Sentensi Nzima

Kama kuna kiungo cha mwili wangu ninachopaswa kukishukuru kwa kunipatia mchumba, si macho wala moyo. Ni ubavu wa kulia. Wenzangu walipendana kwa kutazamana, kwa kuandikiana ujumbe, kwa kukutanishwa na mashangazi. Sisi tulianza na kichomi.

Inabidi nianzie hapo, maana ile Jumapili ambayo Fundi alikuja nyumbani kujitambulisha, na mambo yaliyotokea, hayataeleweka bila asubuhi ya kichomi.

Mimi ni mpokea simu wa hospitali. Kutwa nakaa kwenye kiti cha kuzunguka, vipokea sauti masikioni, nikisema. Subiri nikuunganishe, daktari yuko wodini, kliniki ya macho ni Alhamisi. Nikirudi nyumbani naendelea pale nilipoachia, kwa sababu kwetu sote ni wasemaji. Baba yangu ni dalali wa mnada. Ameuza makabati, majokofu, baiskeli na vyombo vya watu waliohama, yote kwa mdomo wake, na mpaka sasa alipopunguza kazi mtaa mzima unamwita Dalali. Mama anasema machache lakini yanachoma. Mezani kwetu ukingoja mwenzako amalize ndipo nawe useme, utaondoka na maneno yako tumboni.

Nilijiunga na kikundi cha mbio za asubuhi baada ya ngazi za kazini kuanza kunishinda. Tulikuwa watu wa kawaida tu, wenye vitambi na kazi za kukaa, na hakuna aliyekuwa na ndoto ya medali. Kiongozi wetu alikuwa nesi wa wodi ya watoto, mama mnene mwenye miguu myepesi, tukamwita Kapteni. Alikuwa na sheria mbili. Kila mtu ana mwenzake, na mwenzako akisimama nawe unasimama. Na lazima mzungumze.

"Mwendo wenu ni ule mnaoweza kusema sentensi nzima," alituambia siku ya kwanza. "Mmoja akianza kukatika katikati, punguzeni. Hakuna anayewafukuza. Wewe Redio, utakimbia na Fundi."

Redio ndiye mimi. Alikuwa amenisikia kwa dakika chache tu akanibatiza.

Fundi alikuwa amesimama pembeni akifunga kamba za viatu. Fundi wa makochi, mrefu, mabega mapana ya kubeba fanicha, vidole vyenye alama za sindano nene. Nilimsalimia kwa uchangamfu wangu wote. Akatikisa kichwa, akatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, haya, nimepewa bubu mwenye maringo.

Sasa, mimi asubuhi ile nilikuwa nimekula mkate na mayai, nikajisikia tayari kwa kazi. Tena nilishasikia kwamba mkimbiaji lazima anywe maji. Basi nikasimama pale getini tunapokutania, nikafungua chupa kubwa, nikaimaliza yote kwa mkupuo mmoja, mbele ya watu, nikijiona mwanamichezo. Tulipoanza kukimbia maji yalikuwa yakicheza tumboni mpaka nikawa nayasikia.

Hatukufika mbali. Kitu kikanichoma chini ya mbavu, upande wa kulia, nikajikunja.

"Usisimame ghafla," sauti ikasema. "Tembea. Weka mkono hapo panapouma, ubonyeze, uiname kidogo. Sasa toa pumzi. Usihangaike kuvuta, itoe kwanza. Itoe yote, polepole, kana kwamba unapoza chai."

Niligeuka kumtafuta anayesema. Alikuwa ni yeye. Sauti nzito, tulivu, isiyo na haraka. Nilitaka kumwambia, kumbe unasema, lakini sikuwa na pumzi ya kusemea. Nikapuliza ile chai yangu ya hewani.

"Maji hayanywewi getini," akaendelea, akitembea sambamba nami. "Unayanywa tangu jana yake, kidogo kidogo. Asubuhi unaongeza glasi moja mapema, kabla hujavaa hata viatu. Njiani unapiga funda ukisikia kiu, basi. Na chakula kizito kipe muda kishuke. Ukijaza kila kitu kwa mara moja unakimbia umebeba kisima."

Nilicheka, na kucheka kukaniuma, nikacheka zaidi. Aliponitazama usoni kuona kama nimepata nafuu, niliona macho yake kwa mara ya kwanza. Yalikuwa macho ya mtu anayesikiliza hata pasipo na anayesema.

Tuliporudi getini, kichomi kimekwisha na pumzi imerudi, nilimuuliza, "Nani alikufundisha yote hayo?"

Akafungua kinywa. "K-k-k..." Midomo ikakaza, shingo ikakakamaa, macho yakashuka kwenye viatu. Neno halikutoka. Akainua mkono kuniaga akaondoka, nami nikabaki nimesimama pale nikiyaonea haya yale niliyoyasema moyoni.

Siku iliyofuata, tulipokwisha kushika mwendo, alinieleza mwenyewe.

"Nikiwa kwenye mwendo maneno yanapata njia. Navuta pumzi hatua mbili, natoa hatua tatu, na kwenye kutoa ndipo napachika neno. Si kila siku, lakini mara nyingi. Nikisimama yanakwama tena. Na aliyenifundisha mambo ya maji ni Kapteni. Mimi nililimaliza pipa zima siku yangu ya kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Kila asubuhi, barabara ikiwa bado na baridi na maduka yamefungwa, tulipita mbele ya hospitali yangu, tukapanda mteremko wa ofisi za maji, tukarudi. Alinisimulia jinsi mwalimu mmoja alivyokuwa akimsimamisha asome kwa sauti ili darasa licheke. Alinisimulia kwamba alichagua makochi kwa sababu kochi halikuulizi kitu. Mimi nilisikiliza, na mtu yeyote anayenijua atakuambia hilo si jambo dogo.

Na alinitunza. Sina neno lingine. Nilipopata malengelenge alinikataza kuyatumbua, akaniambia nivue soksi zangu za pamba zinazokaa na jasho, nipake mafuta ya mgando katikati ya vidole. Ukucha wa kidole gumba ulipogeuka mweusi alikitazama kiatu changu kwa jicho la fundi, akasema kinanibana, kidole lazima kipate nafasi ya kucheza. Mapaja yalipochubuka sikumwambia, niliona aibu, lakini kesho yake Kapteni alinipa kopo la mafuta akisema limetoka kwa mtu asiyetaka kutajwa. Na ile siku msuli wa mguu uliponibana nikakaa chini nikilia machozi, aliushika unyayo wangu akausukuma taratibu kuelekea kwangu mpaka msuli ukaachia, kisha akaendelea kuushika kidogo, kidogo tu, zaidi ya ilivyohitajika. Hakusema kitu kwa kuwa hatukuwa kwenye mwendo. Nami sikusema kitu, na sababu yangu haikuwa pumzi.

Halafu asubuhi moja, tukiwa kwenye mteremko, akasema, "Ningependa nije nyumbani kwenu nimwone baba yako."

Nilihema. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka tukawa tunatembea.

"Sheria ya pili," akasema akitabasamu. "Nijibu kwa sentensi nzima."

"Njoo Jumapili mchana, Baba anapenda sana wageni."

Na ni kweli Baba anapenda wageni. Nilichosahau kumwambia ni kwamba anapenda wageni wanaomjibu.

Jumapili hiyo Fundi alifika na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, mkononi amebeba mfuko wa matunda na ile chupa yake ya maji asiyoachana nayo. Baba alisimama katikati ya sebule kumpokea. Fundi akaweka vitu vyake chini, akainamisha kichwa kwa heshima, akafungua kinywa.

"Sh... sh..."

"Marahaba, marahaba," Baba akapokea, tayari amegeuka kuangalia wapi amkalishe. "Karibu ukae, kijana, hapa ni kwako, usikae huko kuna jua, kaa hapa."

Fundi alibaki na salamu yake mdomoni. Nilimwona akiimeza, nikaona jasho likimtoka juu ya mdomo, na nikajifanya napanga glasi.

Alipokaa, kochi letu likalia. Baba akadakia palepale. "Umelisikia? Linalia hivyo tangu binti yangu akiwa shule. Wewe ndiye mwenye fani, hebu tuambie, ni springi au ni mbao?"

"Ni m-m-mka..."

"Mbao. Nilisema mimi. Mama, umesikia? Fundi mwenyewe amesema ni mbao."

Haikuwa mbao. Ulikuwa mkanda wa chini unaobeba springi, Fundi aliniambia baadaye, tena kazi ya dakika chache.

Chakula kiliendelea vivyo hivyo. Baba anauliza, Fundi anaanza, Baba anamalizia na kuhamia kwenye swali lingine, kama yuko mnadani na wateja wamezubaa. Katikati ya maswali Baba alikula kwa nguvu na kunywa sharubati glasi baada ya glasi, maana kusema kunakausha koo. Mama alikuwa ameacha kula. Alikuwa anamtazama Fundi, kisha ananitazama mimi, kisha anaitazama sahani.

Mwishowe Baba akapangusa mdomo. "Haya, kijana. Umekuja na neno gani?"

Fundi akavuta pumzi, nikaona kifua kikipanda. "N-n-nime... nimekuja ku... ku-ku..."

"Kututembelea," Baba akasema.

"Ku-ku..."

"Baba, amekuja kuniposa," nikasema mimi. "Anataka kunioa."

Yalinitoka. Nilidhani namsaidia. Fundi akageuka akanitazama, na sikuona hasira usoni pake, afadhali ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa tonge na mkono anaouamini. Miezi yote ile ya barabarani sikuwahi, hata mara moja, kumkatiza neno.

Baba akaniita jikoni. Alidhani amepunguza sauti, lakini sauti ya dalali haipungui, inabadilika tu mlango wa kutokea.

"Mwanangu, ni mtu safi. Ana kazi, ana adabu. Lakini mimi nyumba hii nimeilisha kwa mdomo. Mwanaume anatetea watu wake kwa kusema. Siku ukishikwa na uchungu wa kuzaa, ukaanguka bafuni, atamwita daktari kwa lugha gani? Wewe unayepokea simu za hospitali ndiye wa kuniambia. Mtu anayepiga akiwa na mgonjwa ana muda gani wa kukwama?"

Ninazijua simu hizo. Kuna zinazokatika kabla mtu hajataja mtaa.

"Unanikatalia, Baba?"

"Nakuuliza swali. Ukinipa jibu nitanyamaza."

Tuliporudi sebuleni Fundi alikuwa ameshasimama. Alikuwa amesikia kila kitu. Akaweka mkono kifuani, akainama kwa Mama, akainama kwa Baba, akaelekea mlangoni. Kwangu hakuangalia, na hapo nilielewa kwamba akitoka vile hatarudi. Asubuhi itakayofuata Kapteni atanipanga na mtu mwingine.

"Msindikize mgeni," Mama akamwambia Baba.

"Si ana miguu?"

"Nawe unayo. Mtu hatoki kwangu kama aliyefukuzwa."

Mama akisema hivyo, hata Dalali huvaa viatu. Walitoka. Mimi nikakaa kwenye kochi lile linalolia, nikalilia pamoja nalo, mpaka kiwiko changu kilipogusa kitu kigumu pembeni ya mto. Chupa ya maji. Aliisahau.

Nilitoka mbio na kandambili na gauni la Jumapili. Nyumba yetu iko juu kidogo ya mteremko uleule wa ofisi za maji, na ukitaka kwenda njia kuu unashuka kwanza kisha unapanda upande wa pili. Niliwaona mbele yangu wakianza kupanda. Baba alikuwa anatembea kwa hasira, hatua ndefu, kama mtu anayetaka kumalizana na adhabu. Fundi alikuwa sambamba naye, hatua kwa hatua, mikono imelegea. Nilipowakaribia nikasikia ile sauti ya asubuhi.

"...na ulichosema jikoni una haki ya kukisema, Baba. Ningekuwa na binti, nami ningekisema."

Baba akageuza kichwa kwa mshangao. Akafungua mdomo ajibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu. Alihema. Akajaribu tena. Mkono ukaruka kwenye mbavu, uso ukakunjamana, akayumba kuelekea ukutani.

Nilidhani ni moyo. Nilikimbia nikiwa nimeikumbatia chupa, nikisema Baba, Baba.

Fundi alikuwa ameshamshika mkono, akiendelea kumtembeza. "Inauma wapi, Baba? Kifuani?"

Baba akatikisa kichwa, hapana.

"Inapanda begani? Kwenye taya? Mkono unakufa ganzi?"

Hapana, hapana, hapana.

"Ni hapa tu, chini ya mbavu, panachoma?"

Baba akakubali kwa kichwa kama mtoto.

"Basi tusisimame ghafla. Tutembee, taratibu sana, niegemee mimi. Bonyeza hapo hapo. Inama kidogo. Sasa toa pumzi yote, polepole, kana kwamba unapoza chai. Umekula ukashiba, ukanywa ukajaa, ukaja kupanda mlima kwa hasira. Ni kichomi, kitaachia. Lakini wiki hii twende ukapimwe, nikutoe wasiwasi nami nitoke wasiwasi."

Baba akapuliza. Nikampa chupa, akaikamata kwa mikono miwili aimalize. Fundi akaishusha kwa upole. "Funda moja. Lowesha koo tu. Mengine baadaye."

Dalali akapiga funda moja, akarudisha chupa. Waliendelea kupanda, mmoja ameegemea bega la mwenzake, nami nyuma yao sithubutu hata kupiga chafya.

"Baba," Fundi akasema, akienda na hatua, "kwa kuwa huwezi kunijibu sasa hivi, naomba niitumie nafasi hii."

Baba akamtupia jicho la pembeni. Nalijua jicho hilo. Hulitoa mteja anapokuwa mjanja kuliko yeye, na huwa halina ubaya.

"Umeuliza nitamwita daktari kwa lugha gani. Hilo nilijiuliza kabla yako, usiku mwingi. Nikiwa natembea nasema, kama unavyonisikia. Kwa hiyo nitapiga simu nikizunguka chumba. Na siku maneno yakigoma kabisa, nitambeba. Njia ya hospitali tunaipita kila asubuhi, naijua kila shimo. Makochi ninayobeba ni mazito kuliko yeye, na hayanishiki shingo."

Nilisikia Baba akitoa pumzi puani kwa mshindo. Kilikuwa kicheko, ila hakikupata hewa.

"Nampenda binti yako. Sikumpenda kwa sura, ingawa sura ninaiona. Maisha yangu yote watu wamenimalizia maneno. Wengine kwa huruma, wengine kwa haraka zao. Najikuta nimesema kitu ambacho sikukisema, nimekubali kitu ambacho sikukikubali. Mama yangu mzazi alikuwa akinimalizia, Mungu amrehemu, kwa mapenzi tu. Binti yako ndiye mtu wa kwanza aliyeniacha nifike mwisho wa sentensi. Leo mezani ameteleza, kwa sababu aliogopa. Nimeumia, sikatai. Lakini asubuhi zote zile namdai nini? Mimi ndiye ninayemshukuru."

Nilikuwa nyuma yao nimeshika kandambili moja mkononi, maana ilikatika, na nilikuwa nalia tena. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kuliacha likae hivyo.

"Fundi," nikasema. "Baba. Si uvumilivu. Mimi sina uvumilivu, mnanijua. Sikumkatiza kwa sababu nilikuwa nahema. Ningekuwa na pumzi ningemkatiza kila siku."

Tulikuwa tumefika juu, mbele ya duka la dawa lililofungwa. Fundi akasimama, akageuka, akanitazama hatimaye. Macho yake yalikuwa na maji na yalikuwa yanacheka.

"N-n-na..." Alikuwa amesimama sasa, mwendo umekatika. "N-najua."

Alijua. Tangu lini, sijui. Nilimwangalia, na shukrani niliyoisikia kwa kila hatua iliyonikata pumzi ilikuwa nzito kuliko nilivyoweza kuibeba nikiwa nimesimama, nikashika ukuta. Kama ningekuwa mwepesi, mwenye mapafu mazuri, nisingemsikia kamwe.

Baba alijinyoosha. Akajaribu ubavu kwa vidole, akavuta hewa, ikaingia yote. Mdomo ukafunguka, na mimi nikajiandaa kwa mafuriko, kwa kuwa alikuwa amekaa kimya mteremko mzima na deni lake lilikuwa kubwa.

"Kijana," akasema. Kisha akafunga mdomo. Akapangusa jasho kwa kiganja. "Sharubati imeniponza," akasema taratibu. "Nimesema na watu maisha yangu yote. Sijawahi kukosa pumzi ya kujibu. Ni jambo baya sana, kumbe. Mtu una maneno yako yote kichwani na hakuna linalotoka." Akamgeukia Fundi. "Ahsante kwa kunishika. Ungeweza kuniacha pale ukutani, ningestahili."

Fundi akatikisa kichwa. Halafu akafanya kitu ambacho sikukielewa mara moja. Akaisogeza chupa kwenye mkono wa kushoto. Akavuta shati likae sawa. Akainamisha kichwa kwa heshima, vilevile alivyofanya sebuleni, akafungua kinywa.

"Sh... sh-sh..."

Nilijua ni nini. Ilikuwa ile salamu. Baba aliipokea mchana kabla haijatolewa, na Fundi aliitembeza hadi pale ikiwa haijafika kwa mwenyewe. Midomo ilikaza, shingo ikakakamaa. Hapakuwa na hatua ya kuibebea, alikuwa amesimama wima, na angeweza kutembea kidogo aitoe kwa urahisi lakini hakutaka. Watu wawili waliopita walitutazama. Nilishindwa kuvumilia. Nikafungua mdomo nimsaidie.

Baba akainua mkono.

Ni mkono ule ninaoujua tangu nikiwa mdogo, kiganja wazi, anaounyanyua mnadani kuwazuia watu wote kwa sababu kuna mtu mmoja nyuma kabisa ambaye hajamaliza. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwa Fundi, na hayakuwa na haraka yoyote. Tulingoja. Gari likapita, vumbi likapanda, likatua. Baba yangu, ambaye hajawahi kumngoja hata Mama amalize kupakua, alisimama pale kwenye jua akingoja kama mtu mwenye siku nzima.

"Sh-shi... shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," Baba akasema, kisha akanyamaza, aone kama kuna jingine.